Nyumba Iliyopunguziwa Umri

Tangazo lililosomwa na Bwana DO, mkuu wa tarafa, kwenye baraza la Wath Oluch, mwezi wa Machi mwaka 1995, lilieleza ya kwamba Serikali, ikitambua kuwa taifa lisilotunza ya kale halina jipya la kujivunia, imeamua kwa dhati kuwa majengo yote ya mji huo yaliyotimiza umri wa miaka hamsini yafanywe hifadhi. Kwamba kazi hiyo itafanywa kwa ushirikiano na jamii. Na kwamba hakuna mtu yeyote atakayehamishwa. Hilo la mwisho Bwana DO alilirudia, akiwa amevua kofia. "Hakuna," alisema. "Hata mmoja."

Wananchi walipiga makofi, kama ilivyo desturi ya wananchi waliosimama juani bila kujua kikao kitakwisha saa ngapi. Filgona Adhiambo hakupiga. Alikuwa ameshika birika, akiwamiminia chai wakubwa wa meza kuu, na neno "hifadhi" lilipomfikia mkono wake ulilegea, chai ikaingia ndani ya kiatu cha karani wa chifu.

"Mama! Unanichemsha mimi ama majani?"

"Pole, baba. Ni hili birika."

Halikuwa birika. Filgona alizaliwa katika bonde la Lambwe, na kwa kadiri alivyofahamu yeye, neno hifadhi lilikuwa na maana moja tu. Miaka ya sitini, yeye akiwa msichana aliyekwisha kuposwa, mtu wa serikali alifika nyumbani kwao na kumweleza baba yake, kupitia kwa mkalimani, kwamba bonde hilo litakuwa hifadhi, na kwamba ni jambo la fahari. Baba yake Kiswahili alikijua cha salamu na cha kodi. Akauliza hiyo hifadhi ni nini. Mkalimani naye hakuwa na hakika, lakini hakuajiriwa ili aonekane hana hakika, kwa hiyo akajibu kwa Kijaluo kwamba ni kitu ambacho serikali humfanyia mtu inayempenda sana. Mzee akafurahi. "Ber," akasema, ni vizuri. Kabla ya mtama kuvunwa familia nzima ilikuwa njiani kuelekea upande wa pili wa vilima, kuku wamefungwa miguu, na mahali palipokuwa na meko ya mama yake leo hulala korongo, yule swala mkubwa, ambaye wageni husafiri kutoka Ulaya kuja kumpiga picha.

Tangu hapo neno hilo liliingia katika lugha ya kwao. Kuku akijipenyeza ndani ya nyumba, mama yake alimfukuza kwa ufagio akipiga kelele, "Hifadhi! Hifadhi!" na kuku alielewa. Watoto walicheka. Baba hakucheka hata siku moja.

Sasa Filgona alikuwa mama wa makamo, mjane, na mwenye hoteli katika duka la zamani la Muhindi mnunuzi wa pamba, barabara ya gati. Wath Oluch ulikuwa umepata kuwa mji wenye shughuli, enzi za pamba na meli. Pamba ilikufa, meli ikaacha kuja, na Muhindi akahamia Kisumu, kisha Uingereza, kisha akaacha kuandika barua. Lililobaki ni safu ya maduka matano yaliyoshikana mabega, kuta nene kama za gereza, ukumbi wenye nguzo, na juu ya kipaji cha nyumba mwaka uliofinyangwa kwa chokaa: 1929.

Hakuna aliyeamuru safu hiyo itunzwe. Kila Februari, kabla ya masika, wapangaji walifunga milango asubuhi moja na kupanda juu ya mabati na lami ya moto. Maurice, mwandika mabango, ndiye aliyepanda kwa kuwa alikuwa mwembamba. Nyabuto, fundi viatu, alishika ngazi na kutoa ushauri. Filgona alipika. Wengine walipaka chokaa ukutani. Kazi hiyo waliiita kuziba. Haikuwahi kuwapitia akilini kwamba wanalinda urithi wa taifa; walikuwa wanazuia maji yasidondokee chapati.

Jioni ya baraza wote watatu walikutana hotelini, madirisha yakiwa wazi lakini sauti chini.

"Angalieni hapo juu," Nyabuto alisema. "Ishirini na tisa. Hata huyo mtu wa serikali akija kipofu, atapapasa asome."

"Tutafukuzwa," Filgona alisema.

"DO amesema hakuna wa kuhamishwa."

"Hata yule wa kwetu alisema ni jambo la fahari. Tena alikuwa na sauti nzuri kuliko huyu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Filgona ung'ongo alikuwa ameshautambua rangi. Alifuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. Hotelini mle ndimo alimosomesha watoto wanne na ndimo alimolipia jeneza la mume; nje ya mle hakuwa na kipande cha ardhi cha kusimamisha hata jiko, kwani shamba la ukweni lilikuwa limekwisha kugawanywa na mashemeji wenye kumbukumbu fupi.

Maurice, ambaye alijifunza kazi yake Migori na hakuacha mtu asahau hivyo, alikuwa ametoka nje kuangalia kipaji cha nyumba. Akarudi anatabasamu.

"Mathe, hiyo mbili ni ndugu ya saba. Unaikata tumbo, unainyoosha mguu, kwisha. Sabini na tisa."

"Huo ni uongo, Maurice." Filgona alikuwa Msabato, wa benchi la tatu kutoka mbele.

"Uongo wapi? Ni simiti na rangi. Wanawake wa Nairobi wanajipunguzia umri kila siku na hakuna anayewashtaki."

"Omera, ndugu yangu, wewe usithubutu," Nyabuto akamwambia. "Ukipunguziwa miaka hamsini utarudi kabla mama yako hajaolewa."

"Na wewe Mkisii ukipunguziwa utakuwa ndizi."

Walicheka, na kicheko kile kikapitisha hoja kuliko kura ya mikono. Jumapili, DO akiwa kanisani na askari wake wakiwa wanamngoja nje, Maurice alipanda na patasi na ndoo. Filgona ndiye aliyeshika ngazi safari hii, kwa sababu Nyabuto alisema mikono yake inatetemeka. Ilipofika mchana nyumba ilikuwa ya mwaka 1979, na ilionekana kama mzee aliyepaka nywele rangi nyeusi akaenda msibani.

Mwezi mzima baada ya hapo Filgona aliunguza mandazi. Gari lolote lenye namba za serikali likipita, alihesabu sufuria zake kwa macho: zipi za kubebwa kichwani, zipi za kuachwa.

Mwisho wa Aprili pikapu ya makumbusho iliingia kutoka Migori na kushusha msichana mmoja mwenye kamera na futi ya kupimia. Jina lake Emmaculate, Mkuria wa upande wa mpakani, na hakuwa na haraka. Aliinama mlangoni akapima unene wa ukuta kwa mkono wake mzima. Aligonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari. Alisimama barabarani akakitazama kipaji cha nyumba muda mrefu kuliko Filgona alivyopenda. Kisha akaingia, akaketi, akaagiza chai.

"Nyumba ni ya mwaka gani, mama?"

"Si imeandikwa."

"Nimeona ilivyoandikwa. Nakuuliza wewe."

"Mimi niliikuta," Filgona alisema, na hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa jibu.

"Changa sana hiyo, madam!" Nyabuto alipaza sauti kutoka ukumbini, misumari ikiwa mdomoni. "Hata umri wa kupiga kura haijafika!"

Filgona alitamani kumshonea mdomo kwa uzi wake mwenyewe. Emmaculate aliweka sukari, akakoroga, akakoroga zaidi.

"Basi ni hasara," akasema. "Miaka kumi na sita haiwezi kuingia kwenye listi."

"Mungu ashukuriwe," likamponyoka Filgona.

"Ashukuriwe kwa nini, mama? Kaunsili wanapanua barabara ya gati, malori ya samaki yapate kupishana. Jengo lisilo kwenye listi linabomolewa mwezi wa saba. DO hakuwaambia?"

DO hakuwaambia. DO alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza.

Filgona aliketi, jambo ambalo hakulifanya mbele ya mteja. "Na yaliyo kwenye listi?"

"Yanabaki."

"Na watu?"

"Watu gani?"

"Wale wa ndani."

"Wanabaki ndani. Nyumba ikikosa watu huanguka yenyewe, mama. Hata tingatinga haihitajiki."

Lilikuwa neno zuri, na ndilo lililomtia Filgona hofu zaidi. Mkalimani wa Lambwe naye alikuwa na maneno mazuri. Alimtazama msichana yule usoni akitafuta mahali uongo unapokaa, asipaone, na kutopaona hakukumtuliza, kwani pengine hata mkalimani yule hakuwa mwongo. Pengine naye hakuambiwa kitu.

Emmaculate alikunywa chai, akasema anaelekea Rusinga kuna kazi huko, na Ijumaa atapita tena akirudi Migori kupeleka listi. Pikapu ilipopotea kwenye kona, Maurice alikuwa ameshatoka na ngazi begani.

"Tunairudisha," alisema. "Ni dakika tu."

Hapa inafaa kueleza kwamba Maurice, katika maisha yake yote ya kazi, alikuwa akichanganya simiti kwa uchoyo, na mabango yake mengi ya kufinyanga yaliporomoka kabla biashara yenyewe haijafilisika. Ila ile saba, kwa mapenzi ya jirani zake na kwa mara ya kwanza, aliichanganya kama inavyotakiwa. Patasi iligonga, saba ikakaa. Iligonga tena, saba ikakaa. Kilichoachia ni chokaa ya zamani iliyoizunguka: ilitoa sauti kama mtu anayesafisha koo, kisha namba nzima pamoja na kipande cha ukuta ikashuka na kupasukia ukumbini, kati ya Nyabuto na kiatu cha mwalimu wa shule.

Vumbi lilipotulia walisimama barabarani wakaangalia juu. Kulikuwa na moja, na tisa, na shimo, na tisa.

"Sasa huu ni mwaka gani?" Nyabuto aliuliza.

"Wa taabu," Filgona alisema.

Siku zilizosalia hakula vizuri. Akikaa kimya, Julai tingatinga litapita jikoni. Akisema ukweli, Maurice atafungwa kwa kuharibu mali ambayo bado haijatangazwa kuwa mali, na kwa serikali hilo halijawahi kuwa kikwazo. Na ukweli ukipokewa vizuri, bila mtu kufungwa, nyumba itafanywa hifadhi. Alizipima njia zote tatu kila alipokanda unga, na zote tatu zilianzia mezani pake na kuishia nje ya mlango.

"Mathe, wewe usiseme kitu," Maurice alimshauri. "Nitasema ni radi."

"Radi gani inapiga namba moja tu?"

"Iliyosoma."

Ijumaa pikapu ilisimama. Emmaculate alishuka, akaangalia juu. Filgona alimwendea palepale barabarani, mikono ikiwa na unga, akaanza kabla hajaulizwa.

"Ni sisi, nyathina, mwanangu. Si radi." Akamweleza yote, akianzia Lambwe kwa sababu hakuona pa kuanzia pengine: baba yake, mkalimani, korongo, ufagio na kuku. Maurice alisimama nyuma yake ameinamisha kichwa. Nyabuto, kwa mara ya kwanza tangu afungue kazi pale, alikuwa ametoa misumari mdomoni.

Emmaculate alisikiliza. Kwenye kuku mdomo ulimcheza kidogo, akaudhibiti.

"Nilijua, mama," akasema. "Nimesomea kuta. Hii chokaa imepondwa pamoja na makombe ya ziwani. Sabini na tisa hakuna aliyekuwa na subira hiyo. Na ile saba yenu ilikuwa inang'aa kama jino la dhahabu."

Maurice aliinua kichwa, asijue kama ametukanwa.

"Basi mbona hukusema?" Filgona aliuliza.

"Nikisema mimi itasaidia nini? Siruhusiwi kuandika nyumba ambayo walio ndani wamekataa iandikwe. Mliniambia ni changa. Nikaona mnakataa kwa adabu."

"Sasa unataka nini?"

"Useme umekubali. Mbele ya hawa wenzako."

"Nikubali nini?"

"Iwe hifadhi."

Hata punda wa maji aliyekuwa akipita alionekana kusimama. Baba yake aliulizwa akasema ber, akiwa na furaha. Alikuwa amemlaumu miaka yote kimoyomoyo kwa neno lile moja, na alipomzika hakuwa amemaliza kumlaumu. Sasa mdomo ulikuwa wake yeye.

"Hakuna neno lingine?" aliuliza.

"Neno lingine gani?"

"Lolote. Hilo lina nyumba yetu ndani yake."

Emmaculate alifikiri. "Nyinyi ile kazi mnayofanya juu ya mabati mnaiitaje?"

"Kuziba," wapangaji watatu walijibu pamoja.

"Kuziba si neno la sheria, mama."

"Hata hifadhi si neno la nyumbani."

Msichana alitafuna kofia ya kalamu yake. Alimtazama Maurice, ambaye hakuwa na msaada, na Nyabuto, ambaye alitikisa kichwa kwa hekima bila kueleza ni ya nini. Hatimaye akaegemeza karatasi juu ya boneti, akaandika, akafuta, akaandika.

"Wenyeji wamekubali," akasoma, "jengo hili la mwaka 1929 liendelee kuzibwa kila mwaka kama kawaida, wao wenyewe wakiwa ndani." Akashusha pumzi. "Nairobi watanicheka."

"Wacha wacheke. Soma tena hapo pa ndani."

Akasoma tena.

"Tena."

"Mama!"

"Ya mwisho."

Akasoma. Filgona aliitazama safu yote, nguzo baada ya nguzo, kama anayeagana nayo ili isije ikamshtukiza baadaye.

"Ber," akasema. Sauti ilitoka kama ya baba yake kabisa, na papo hapo akajuta.

Julai tingatinga lilikuja. Liliangusha kinu cha unga cha upande wa pili, baa iliyojengwa mwaka wa themanini na tano, na vibanda vitatu ambavyo kaunsili yenyewe ilikuwa imemaliza kuvijenga Mei. Kwenye safu ya Muhindi liligeuza, likaacha alama ya minyororo yake mlangoni, likaondoka. Vumbi lilitua kwenye mandazi na wateja wakayala hivyohivyo, kwa kuwa njaa haisomi kanuni za kaunsili. Emmaculate alituma maagizo, na Maurice akafinyanga mbili mpya kwa chokaa na makombe, akilalamika kwamba mchanganyiko ni dhaifu. Aliambiwa ndivyo unavyotakiwa.

"Sasa umetulia, mama?" Nyabuto alimuuliza.

"Hata sisi hatukuhamishwa siku ileile," Filgona alisema. "Walingoja mtama ukaribie kuvunwa."

Hakutulia Agosti. Hakutulia Oktoba mvua za vuli zilipoanza na paa likashika. Krismasi watoto wake walikuja, wakamwambia amekonda, akasema ni joto la meko.

Kisha Januari, asubuhi ya Jumanne, lori la serikali liliingia barabara ya gati polepole, tupu, turubai limekunjwa nyuma, na kusimama mbele ya hoteli. Filgona aliliona kupitia mlangoni. Hakumuuliza mtu. Alivuta kuni, akazimwagia maji, mafuta yakiwa bado yanachemka. Akateremsha sufuria, kubwa ikaimeza ndogo, akazifunga kwa leso, akafunga na mwiko, akakaa juu ya furushi katikati ya hoteli huku wateja wakiwa na vikombe mikononi.

"Mama, unaenda wapi?" Nyabuto alisimama mlangoni na nyundo.

"Sijui. Hata mara ya kwanza hawakutuambia."

Dereva aliingia akijinyoosha mgongo. Aliangalia meko yanayotoa moshi, akamwangalia mama aliyekalia furushi.

"Hakuna chai?"

"Umekuja kuchukua nani?" Filgona aliuliza.

Dereva alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma kwa midomo. Halafu akauliza nyumba ya Bwana DO iko upande gani, kwa kuwa mkubwa huyo amepata uhamisho wa kwenda Ntimaru na anatakiwa awe ameondoka kabla ya saa sita. Wapangaji wa barabara ya gati walikwenda kumsaidia kupakia.